Nani Mwenye Mamlaka juu ya Mwezi? Wakati na Kipimo Chake katika Sheria ya Kiyahudi

Mishna, ule mkusanyiko wa sheria simulizi za Kiyahudi uliopangwa na Rabi Yehuda ha-Nasi mnamo mwaka 200 hivi, hauanzi na uumbaji wa dunia wala na sifa za Mungu, bali unaanza na swali la wakati: ni tangu saa ngapi mtu aweza kusoma Shema ya jioni, yaani lile tamko la "Sikia, Ee Israeli"? Jibu lililotolewa ni kwamba wakati huo huanza pale makuhani wanapoingia kula sehemu yao ya sadaka. Kuhusu mwisho wake, Rabi Eliezer alisema ni zamu ya kwanza ya usiku inapokwisha, wenzake wakasema ni usiku wa manane, na Rabban Gamliel akasema ni mpaka alfajiri. Hapo hapo Mishna inasimulia kwamba wana wa Gamliel walirudi kutoka karamuni usiku wa manane ukiwa umepita, wakamweleza baba yao kwamba hawajasoma, naye akawajibu kwamba maadamu hakujapambazuka bado wajibu uko shingoni mwao. Akawafafanulia kuwa hata wenzake hawakukataa jambo hilo, kwani popote waliposema "mpaka usiku wa manane" sheria yenyewe inafika hadi alfajiri, na mpaka ule wa karibu zaidi umewekwa na wanazuoni ili kumwepusha mtu na kosa.

Katika kurasa hizo za mwanzo limo suala zima. Wakati unasomwa kutoka angani na katika mwenendo wa watu, wala hausomwi kwenye chombo. Na mipaka ya wakati ni ya aina mbili, mmoja umetokana na maumbile na mwingine umewekwa na wanadamu wenye mamlaka ya kuuweka. Waandishi wengi wanaoeleza kalenda ya Kiyahudi huvutiwa na usahihi wa hesabu zake, na usahihi huo kweli upo. Kwa maoni yangu, jambo kubwa zaidi ni kwamba sheria hii ilitenganisha mapema kipimo na mamlaka, ikakubali waziwazi kwamba viwili hivyo vinaweza kugongana, na vilipogongana ikachagua mamlaka. Uchaguzi huo umekuwa na faida, na umekuwa na gharama ambayo haijamalizika kulipwa.

Msomaji wa Kiswahili ana wepesi fulani wa kuingia katika mada hii. Siku ya Kiyahudi huanza jua linapotua, kwa mujibu wa maneno ya Mwanzo, "ikawa jioni ikawa asubuhi, siku moja", na Mwislamu wa pwani anayeanza Ramadhani usiku kabla ya kufunga mchana wake hahitaji kuelezwa zaidi. Saa nazo huhesabiwa tangu mapambazuko, kama tunavyohesabu sisi. Rabi Yehoshua aliposema kwamba Shema ya asubuhi yaweza kusomwa mpaka saa tatu, kwa sababu ndiyo desturi ya wana wa wafalme kuamka saa tatu, mtu wa Tanga au Kisumu anaelewa mara moja ni wakati gani wa asubuhi unaotajwa. Mwanzo wa muda huo wa asubuhi hupimwa kwa macho: ni pale mtu anapoweza kutofautisha rangi ya samawati na nyeupe, na Rabi Eliezer alitaka mwanga wa kutosha kutofautisha samawati na kijani cha kitunguu jani. Wanaoijua aya ya Sura ya al-Baqarah kuhusu uzi mweupe na uzi mweusi wa alfajiri wataona kwamba jicho la mwanadamu lilipewa kazi inayofanana katika sheria zote mbili.

Hata hivyo saa hiyo si ya dakika 60. Mchana, uwe mrefu au mfupi, hugawanywa mafungu 12 yaliyo sawa, na kila fungu ni saa moja. Yerusalemu mwezi Juni mchana unapita saa 14 za kawaida, hivyo saa moja ya kisheria inakaribia dakika 71. Mwezi Desemba mchana hushuka mpaka saa 10 hivi, na saa ya kisheria huwa dakika 50 tu. Kwa Wayahudi wa Abayudaya walioko karibu na Mbale, jumuiya ya Waganda iliyoanza mwaka 1919 chini ya Semei Kakungulu, tofauti hiyo karibu haipo, kwa kuwa wanaishi jirani na ikweta na saa yao inakaa karibu na dakika 60 mwaka mzima. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya majira ya Mediterania huko inakwenda sambamba na saa ya ukutani.

Mtu angedhani kugawanya kwa 12 hakuwezi kuleta ubishi, lakini mchana unaanza wapi? Avraham Gombiner wa Kalisz nchini Poland, mwanazuoni wa karne ya 17, alihesabu tangu alfajiri hadi nyota zinapotokeza. Eliyahu wa Vilna, aliyeishi kati ya 1720 na 1797, alihesabu tangu jua linapochomoza hadi linapotua. Kama alfajiri inachukuliwa kuwa dakika 72 kabla ya jua kuchomoza, na nyota dakika 72 baada ya kutua, basi mwisho wa saa tatu kwa hesabu ya kwanza unatangulia ule wa pili kwa dakika 36. Kalenda nyingi za masinagogi hadi leo huchapa nyakati zote mbili bega kwa bega, na mwenye kusali huchagua kufuatana na jumuiya yake au kwa kujihadhari.

Mahali ambapo sheria imelazimika kufikiri kwa kina zaidi ni ule utusitusi kati ya jua kutua na usiku kuingia. Shmueli, mwanazuoni wa Babeli, alitoa kanuni nyepesi kukumbuka: nyota moja ni mchana, mbili ni utusitusi, tatu ni usiku. Rabi Yose alisema kwamba utusitusi ni kama kufumba na kufumbua, usiku unaingia na mchana unatoka bila mtu kuweza kuushika mpaka wenyewe. Talmudi, yaani mkusanyiko wa mijadala ya marabi juu ya Mishna, ina kauli mbili kuhusu urefu wa muda huo: moja inatoa muda wa kutembea robo tatu ya maili ya kale, nyingine muda wa kutembea maili 4. Rabbenu Tam, mwanazuoni wa Ufaransa aliyefariki 1171, alizipatanisha kwa kusema kuna kutua kwa aina mbili, na kwamba usiku kamili huingia baada ya maili 4 ambazo, kwa mwendo wa dakika 18 kila moja, ni dakika 72 tangu jua kuzama. Wapo wanaomfuata hadi leo, wakiuongeza muda wa Sabato yao jirani zao wakiwa wamekwisha kuwasha taa.

Kinachonivutia ni jinsi sheria inavyoishi na muda huo usiojulikana. Haikudai kwamba shaka imeondoka. Iliipa shaka hukumu zake. Mtoto wa kiume hutahiriwa siku ya 8, lakini Mishna inasema kwamba anaweza kutahiriwa siku ya 8, ya 9, ya 10, ya 11 au ya 12, wala si mapema wala si baadaye. Aliyezaliwa kwenye utusitusi huenda alizaliwa leo au kesho, kwa hiyo anasubiri siku ya 9. Aliyezaliwa kwenye utusitusi wa kuamkia Sabato hawezi kutahiriwa siku ya Sabato, kwa sababu tohara inaivunja Sabato pale tu ambapo siku ya 8 ni ya yakini, hivyo anafika siku ya 10. Ikifuata sikukuu, siku ya 11. Zikifuata siku mbili za Mwaka Mpya, siku ya 12. Dakika chache ambazo hakuna aliyeweza kuzipima zinasogeza tendo zito kwa siku nzima au zaidi, na sheria inakiri hivyo bila kujikanyaga.

Katika suala la mwezi, shaka haikuweza kuachwa kwa kila mtu na dhamiri yake, kwa sababu sikukuu ni ya watu wote pamoja. Zamani mwezi mpya ulitangazwa na mahakama, yaani baraza kuu la wanazuoni, baada ya kupokea mashahidi waliouona ukiandama. Mishna inaeleza ua mkubwa Yerusalemu ulioitwa Beit Yaazek, ambako mashahidi walikusanyika na kuandaliwa karamu nono ili wawe na hamu ya kuja tena. Rabban Gamliel, mkuu wa baraza hilo, alikuwa na michoro ya sura za mwezi kwenye ukuta wa chumba chake cha juu, akiwaonyesha watu wasio na elimu na kuwauliza, "Uliuona hivi au hivi?" Habari zilipelekwa kwa mioto iliyowashwa vileleni, kuanzia Mlima wa Mizeituni hadi Sartaba na kuendelea upande wa Babeli, mpaka Wasamaria walipoanza kuwasha mioto ya uongo, ikabidi watumwe wajumbe. Kwa kuwa wajumbe hawakufika kote kwa wakati, Wayahudi wa ughaibuni walianza kuadhimisha sikukuu siku mbili badala ya moja.

Kisha likatokea lile tukio ambalo, kwa hukumu yangu, ndilo moyo wa mada hii. Mashahidi wawili walidai kuwa waliuona mwezi kwa wakati wake, lakini usiku uliofuata, ambao ulipaswa kuuonyesha wazi zaidi, mwezi haukuonekana. Rabban Gamliel aliwakubali. Rabi Dosa ben Harkinas alisema hao ni mashahidi wa uongo, maana mtu atashuhudiaje kwamba mwanamke amejifungua ikiwa kesho yake tumbo lake lingali juu? Rabi Yehoshua akamwambia kwamba ameyaona maneno yake kuwa sawa. Gamliel akampelekea Yehoshua amri: siku ambayo kwa hesabu yako ni Siku ya Upatanisho, uje kwangu ukiwa na fimbo yako na fedha zako mkononi. Yaani aivunje, mbele za watu, siku aliyoamini kuwa ndiyo takatifu kuliko zote katika mwaka.

Rabi Akiva alimkuta Yehoshua akiwa na dhiki, akamtolea hoja kutoka Mambo ya Walawi, pale Torati inapozungumza juu ya sikukuu za Bwana "mtakazozitangaza": ziwe kwa wakati wake au zisiwe kwa wakati wake, hakuna sikukuu nyingine ila hizo. Talmudi ikaiendeleza hoja hiyo mbali zaidi, ikasema kwamba tangazo la mahakama linashika hata kama wamekosea bila kujua, hata kama wamekusudia, hata kama wamepotoshwa. Yehoshua akamwendea Dosa, ambaye licha ya kuwa na hakika kwamba mashahidi walisema uongo, alimjibu kuwa tukianza kuihoji mahakama ya Gamliel itatupasa kuzihoji mahakama zote tangu siku za Musa. Basi Yehoshua akachukua fimbo yake na fedha zake akaenda. Gamliel alisimama, akambusu kichwani, akasema: karibu kwa amani, mwalimu wangu na mwanafunzi wangu, mwalimu wangu kwa hekima, mwanafunzi wangu kwa kuwa umeyapokea maneno yangu.

Wasomaji wa Kenya na Tanzania, ambako karibu kila mwaka huzuka mjadala iwapo Idi ifuate mwezi ulioonekana hapa au uliotangazwa Makka, wataipima hadithi hii kwa uzoefu wao wenyewe. Mimi naona jambo moja ndani yake ambalo mara nyingi husahauliwa: hakuna aliyemwambia Yehoshua kwamba amekosea kuhusu mwezi. Gamliel mwenyewe alimwita mwalimu wake kwa hekima. Alichotakiwa kukubali ni kwamba ukweli wa mwezi na uhalali wa sikukuu ni mambo mawili, na kwamba la pili liko mikononi mwa baraza.

Mamlaka hayo yalifika hadi kwenye mwaka wenyewe. Miezi 12 ya mwezi mwandamo hupungua siku 11 hivi kwa mwaka wa jua, na Torati inaagiza Pasaka iangukie majira ya nafaka kukomaa. Baraza liliongeza mwezi wa 13 pale lilipoona haja, na sababu zake hazikuwa za falaki peke yake: Talmudi inataja shayiri na matunda, lakini pia barabara, madaraja, tanuri za kuokea Pasaka, na mahujaji waliokwisha kutoka makwao na hawajafika. Imehifadhiwa barua ya Rabban Gamliel kwa ndugu wa Babeli na kwingineko, akiwaarifu kwamba njiwa bado ni makinda, wanakondoo bado ni wachanga, nafaka haijakomaa, na kwamba imempendeza yeye na wenzake kuongeza siku 30 katika mwaka ule. Huo ni utawala wa wakati unaotazama kondoo na daraja lililobomoka, na ukamhurumia msafiri.

Mfumo huo ulikwisha kidogo kidogo kadiri mateso na kutawanyika kulivyozidi, na mapokeo yanamtaja Hillel wa Pili, mwaka 358 au 359, kuwa ndiye aliyeweka kalenda ya hesabu. Kalenda hiyo imejengwa juu ya kadirio la mwezi wa siku 29, saa 12 na sehemu 793, saa moja ikiwa na sehemu 1080. Maimonides, mwanazuoni wa karne ya 12, alieleza kwamba idadi ya 1080 ilichaguliwa kwa sababu inagawanyika kwa urahisi kuwa nusu, theluthi, robo, tano, sita, nane, tisa na kumi. Kila sehemu ni sekunde 3 na theluthi, na kadirio zima linakosea kwa chini ya nusu sekunde kwa mwezi. Wanafalaki wa Babeli na Wayunani walikuwa nalo pia, na hilo haliipunguzii heshima sheria iliyojua kutumia elimu ya majirani. Miaka hupangwa kwa mizunguko ya 19, ambamo mwaka wa 3, 6, 8, 11, 14, 17 na 19 hupata mwezi wa ziada.

Hesabu haikumaliza mgogoro. Mwaka 921 Aharon ben Meir, kiongozi wa marabi katika nchi ya Israeli, alitangaza Pasaka ya 922 kuwa Jumapili, ilhali Babeli walisema Jumanne. Tofauti yao katika kanuni ilikuwa sehemu 642, ambazo ni dakika 35 na sekunde 40. Saadia, aliyekuja kuwa mkuu wa chuo cha marabi cha mji wa Sura huko Babeli, aliitetea hesabu ya Babeli kwa kalamu kali, na mwaka ule Wayahudi waliigawanya Pasaka yao. Hatimaye Babeli ilishinda. Wote wawili walijua kuhesabu. Kilichobishaniwa kilikuwa nani anayo haki ya kutangaza.

Swali hilo lilirudi kwa sura mpya mwaka 1941, wakimbizi waliotoka Lithuania walipofika Japani, wengi wao kwa viza za balozi mdogo Chiune Sugihara. Siku hubadilika wapi duniani, na je, Japani iko upande upi? Avraham Yeshaya Karelitz, ajulikanaye kama Chazon Ish, aliuweka mstari wa tarehe digrii 90 mashariki ya Yerusalemu, hivyo Sabato ya Japani ikawa Jumapili, na Siku ya Upatanisho ya mwaka ule ikasogea kutoka Jumatano kwenda Alhamisi. Yechiel Michel Tucazinsky aliuweka digrii 180, na marabi wengine wa Yerusalemu hawakumkubalia Chazon Ish. Watu waliokwisha kupoteza karibu kila kitu waliachwa bila siku iliyokubaliwa na wote.

Basi kalenda ya sasa inasimama juu ya mamlaka ya nani? Maimonides aliandika kwamba hesabu yetu ughaibuni haina nguvu yoyote yenyewe, inategemea kwamba wakazi wa nchi ya Israeli wameifanya siku hiyo kuwa mwezi mpya au sikukuu. Akasema hata kwamba kama Wayahudi wangekoma kabisa kuwapo katika nchi hiyo, hesabu yetu isingetufaa kitu. Nachmanides, mwanazuoni wa karne ya 13, alisema kwamba Hillel na mahakama yake waliitakasa miezi yote ya baadaye kwa mkupuo mmoja, mpaka baraza litakaporejea. Tofauti hii si ya kinadharia, kwa sababu kalenda inateleza. Wastani wa mwaka wake ni siku 365.2468, wakati mwaka wa jua ni 365.2422, na dakika hizo 6 na ushei zimejikusanya tangu zama za Hillel hadi kuzidi siku 7. Mwaka 2016 mwezi ulipevuka tarehe 23 Machi, usiku na mchana ukiwa umekwisha kulingana, lakini Pasaka ya Kiyahudi ilianza jioni ya tarehe 22 Aprili, karibu mwezi mzima baada ya Pasaka ya Wakatoliki ya 27 Machi. Mwaka 2024 likatokea lile lile.

Kosa linajulikana, na marekebisho yake ni mepesi kwa mwanahisabati yeyote. Kinachokosekana ni mtu mwenye haki ya kuyafanya. Yaakov Berav alijaribu mwaka 1538 huko Safed kurudisha uteuzi wa kale wa marabi, ambao ungefungua njia ya kuwa na baraza tena, na miongoni mwa aliowateua alikuwemo Yosef Karo, mwandishi wa Shulchan Aruch, kitabu mashuhuri cha sheria ya Kiyahudi. Levi ibn Habib wa Yerusalemu alimpinga, na katika hoja zake aliigusa kalenda: ikiwa hesabu ya Hillel inadumu mpaka marabi wenye uteuzi huo warejee, basi mara tu wanaporejea hesabu hiyo huenda ikapoteza nguvu, na miezi ingepaswa kutakaswa upya na kundi ambalo Wayahudi wengi hawajalikubali. Naamini Ibn Habib alikuwa na haki ya kuogopa. Baraza lisilokubaliwa na wote lingezaa Pasaka mbili kama zile za mwaka 922, na hasara hiyo ni nzito kuliko wiki moja ya mteleko. Lakini mteleko hausimami, kwa kuwa kila karne 2 na kidogo unaongeza siku nyingine, na sheria iliyompa Gamliel uwezo wa kuongeza mwezi kwa ajili ya wanakondoo wachanga haijampa mtu yeyote aliye hai leo uwezo wa kuupunguza.